Kadi ya Wifi, Damu Yangu

Jumatatu, tarehe 6, saa tano asubuhi

Mume wangu, asali wangu, roho yangu inayoning'inia juu ya mnara,

Kama uko juu, shuka kwanza ndipo usome. Umeshuka? Haya, shika nguzo: WEWE NI MJOMBA!

Wifi kajifungua jana saa nane mchana. Binti! Kilo tatu na robo, nywele tele kama amezaliwa na kofia, na pua ni yako kabisa, ile pua ninayoibusu kwenye picha kila asubuhi kabla sijapiga mswaki. Mama mkwe amelia, shemeji fundi cherehani amelia zaidi, halafu akatoa futi mfukoni akaanza kumpima mtoto kifua na mabega kwa ajili ya gauni, mpaka nesi akamtoa nje. Mimi nimekuwa mkaza mjomba! Nimelirudia neno hilo njia nzima nikienda kuchota maji ya kunywa. Siku thelathini na tisa za ndoa na tayari nina cheo.

Na rangi yake, mpenzi, usiombe! Mama mkwe anamwita Dhahabu. Kila anayekuja anasema, "Huyu amekuja na mng'aro wake." Ni kweli, anang'aa kama kikombe cha shaba kilichosuguliwa, hata weupe wa macho una kidhahabu ndani yake.

Nesi tu ndiye hakufurahi. Alimbonyeza ncha ya pua kwa kidole, akaachia, akatazama. Akabonyeza kifuani, akatazama. Akauliza amezaliwa saa ngapi. Mama mkwe akamjibu, naye akaitazama saa yake kisha akaenda kumwita daktari. Wamemtoboa kisigino, wakachukua tone la damu. Mtoto alipiga kelele hizo! Wifi aliziba macho. Unamjua na sindano. Kaolewa na fundi cherehani na bado akiiona sindano anataka kuzimia.

Nampa barua hii dereva wa lori la saruji. Siachi kucheka: mume wangu anajenga mnara wa simu mahali ambapo simu hazishiki. Nilikuota. Sitaandika nilichoota, dereva ana macho ya udadisi.

Mkeo wa siku ya thelathini na tisa (nahesabu!)


Jumanne, tarehe 7, mchana

Bi harusi wangu,

Nimeisomea barua yako chini, miguu ikiwa ardhini kama ulivyoagiza, halafu nikapanda mita arobaini nikapiga yowe la mjomba. Fundi mwenzangu akadhani nimeguswa na umeme.

Dhahabu! Jina hilo limenikaa. Mwambie mdogo wangu amefanya kazi nzuri, na mwambie shemeji aache kumpima mtoto, atampima sana tu akianza kudai magauni ya sikukuu.

Na wewe, mke wangu, nataka nikuambie kitu ambacho sikukuambia vizuri siku ya harusi. Unajua lini nilijua nimepata mke? Si siku ya pete. Ni ile siku uliyomsindikiza mdogo wangu kliniki mara ya kwanza, wakati wewe bado ni mchumba tu na huna wajibu wowote kwetu. Mlirudi mmeshikana mikono mnacheka kama watoto waliotoroka shule. Nikasema moyoni, hawa damu zao zimepatana. Mama naye alisema hivyo hivyo.

Hapa chakula ni kile kile cha jana, na cha juzi. Kila nikifunga boliti nafikiria kifungo cha gauni lako.

Mumeo


Jumanne, tarehe 7, saa kumi jioni

Mpenzi wangu,

Barua yako bado haijafika lakini siwezi kungoja, na nataka kukuandikia kabla sijaogopa zaidi.

Dhahabu yetu iko kwenye sanduku la kioo chini ya taa ya bluu. Usishtuke, anapendeza! Amevaa nepi tu, na kitambaa cheusi machoni, anajinyoosha kama tajiri aliye likizoni. Lakini ile rangi tuliyoisifu, mume wangu, ni ugonjwa. Tulikuwa tunausifu ugonjwa.

Daktari wa watoto ni mwanamume mpole, ana kalamu nyuma ya sikio na nyingine mdomoni. Alitueleza sote tumesimama. Alisema watoto wengi hupata manjano, ila manjano ya kawaida hayana haraka, huja siku ya pili au ya tatu na kuondoka yenyewe. "Haya yamekuja kabla siku moja haijatimia. Yakiwahi hivi yana sababu, na sababu lazima niijue." Wanapima rangi hiyo kwenye damu. Jana ilikuwa kumi, leo kumi na nne. Ikikaribia ishirini inaweza kuingia kwenye ubongo, na hapo itabidi wamtoe damu yake yote kidogo kidogo wakimwekea ya mtu mwingine.

Kisha akaomba kadi ya kliniki ya wifi. Akaifungua. "Mama kundi A, mtoto kundi A," akasema, akafuta kitu kwenye karatasi yake. "Basi si damu. Ingekuwa mama ni O na mtoto ni A, ningesema damu zao hazipatani. Kingamwili za mama, yaani askari wake wa damu, zinavuka kwenda kwa mtoto na kuzivunja chembe zake, na chembe zikivunjika ndipo hutoka manjano haya. Lakini hawa hawana ugomvi."

"Ugomvi!" mama mkwe akasema. "Mtoto wa siku mbili agombane na mama yake kwa lipi? Kamnyima mkopo?"

Wote wakacheka, hata daktari. Mimi nilicheka pia. Halafu nikaacha. Nikamtazama wifi. Wifi akatazama ukuta.

Sasa daktari anatafuta maambukizi, mtoto anachomwa dawa asubuhi na jioni, na wifi anadhani maziwa yake ndiyo sumu, ingawa nesi amemwambia mara kumi aendelee kunyonyesha. Kesho kutwa, kama hesabu haijashuka, watampeleka hospitali kubwa. Ni safari ya saa sita, bila taa.

Kuna jambo limenikaa kooni. Sijui nilianze wapi.

Mkeo akupendaye mno


Jumatano, tarehe 8, saa moja na nusu asubuhi, kwenye benchi la nje ya maabara

Mume wangu,

Barua yako imefika asubuhi hii. Nimeisoma mara moja tu, na wewe unajua barua zako nazisoma mpaka zinachakaa. Ile siku ya kliniki uliyonisifia ndiyo iliyonikaa kooni.

Sikumsindikiza tu wifi. Niliingia badala yake.

Tulikaa kwenye foleni, akawa anatetemeka mpaka kiti kinalia. Muuguzi akaita, "Namba kumi na nne!" Wifi akanishika mkono, akasema, "Wifi yangu, wifi mzuri, niingilie. Damu si damu tu?" Na mimi, mpenzi, nilikuwa mchumba wa wiki tatu. Nilitaka anipende. Nilitaka nyumba yenu yote inipende. Nikaichukua kadi yake, nikaingia, nikakunja mkono wa blauzi, nikaitika jina lake. Sikuona hata haya. Nilitoka na pamba kwenye kiwiko najiona shujaa, tukacheka njia nzima. Ndicho kicheko ulichokiona.

Kwa hiyo, ile A iliyoandikwa kwenye kadi ni yangu. Ya wifi hakuna anayeijua.

Jana jioni nilimbana kwenye korido. Akanishika mikono yote miwili: "Ukisema, mama atatuua. Ngoja tuone kesho, labda itashuka." Leo imekuwa kumi na saba. Na nimemsikia daktari akimwambia nesi aagize damu ya kundi A, iwe tayari.

Mama atanichukia. Wewe huenda ukanichukia kidogo. Wifi ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipenda kwenu na huenda asinipende tena. Nimekuandikia ili nijaribu maneno mdomoni, maana kusema ni kugumu kuliko kuandika. Mwenye maabara anafungua saa mbili. Nasikia funguo zake.

Naingia.


Jumatano, tarehe 8, mchana, kwa haraka

Mke wangu,

Nimepata barua yako ya jana, ya taa ya bluu, na lile "jambo limenikaa kooni". Lori linaondoka sasa hivi kwa hiyo sikiliza vizuri.

Najua ni jambo gani. Wanapima makundi ya damu, makundi hayaelezi kitu, na hapo majirani wameanza kunong'ona kwamba mtoto si wa shemeji. Sivyo? Mwambie yeyote anayesema hivyo kwamba mimi namjua mdogo wangu tangu hajui kufunga kamba za viatu. Kama ni wale wa duka la vitambaa ng'ambo ya barabara, nitashuka kwenye mnara huu na spana yangu. Shemeji asisikilize umbea! Mwonyeshe masikio ya mtoto. Lazima yamechomoza kama yake.

Usinifiche kitu. Kiseme tu, hata kama kinatia aibu.

Mumeo, mwenye spana


Alhamisi, tarehe 9, saa saba mchana

Mpenzi wangu mwenye spana,

Nimecheka mpaka nesi akaweka kidole mdomoni kuninyamazisha. Hakuna anayenong'ona! Masikio kweli yamechomoza, nimehakikisha. Sasa kaa, nikuambie ya maabara.

Mwenye maabara ni mama wa makamo, wote wanamwita Bi Darubini kwa sababu anaongea na watu bila kutoa jicho kwenye darubini. Nikaweka kadi mezani.

"Kadi hii ni yangu," nikasema.

"Jina si lako."

"Jina ni la wifi. Damu ni yangu."

Jicho likatoka kwenye darubini. "Rudia."

Nikarudia yote, foleni, namba kumi na nne, pamba. Akafungua kadi akaisoma ukurasa kwa ukurasa. "Kwa hiyo kila kilichopimwa humu ni chako? Malaria, wingi wa damu, vyote?"

"Vyote."

"Hongera, una damu nyingi. Akili ndiyo tutakayoitafuta."

Nikaanza kulia. Akanisukumia kiti kwa mguu. "Lia ukiwa umekaa, na njoo utazame hapa." Nikatazama. Ilikuwa damu ya Dhahabu. Alinionyesha chembe zilizokuwa ndogo na za mviringo kama shanga, wakati zilipaswa kuwa bapa, zenye kibonyeo katikati. "Hizi zimeng'atwang'atwa," akasema. "Tangu juzi naziona. Na kipimo kingine kinaniambia kuna kitu kimezigandia chembe hizi, kitu cha mtu mwingine. Nimepima mara tatu. Cha nani, kama mama na mtoto ni kundi moja? Nilidhani nimezeeka. Kumbe sijazeeka, ni nyinyi mmedanganya!" Unajua, mume wangu, alikuwa kama amefurahi.

Nikamuuliza kama wangempa mtoto damu ya A ingekuwaje. Akasema, "Askari wa mama wangeivunja na hiyo pia. Labda ningegundua wakati wa kulinganisha damu. Labda." Akachukua sindano na pamba yenye spiriti. "Mtoto hawekewi labda. Twende kwa wifi yako."

Wifi alituona mlangoni, akaelewa.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Yote?"

"Yote."

Akageuza uso ukutani na akanyoosha mkono. Hakulia, hakuzimia. Shemeji alitaka kumshika bega, akamwambia, "Niache, hii ni yangu."

Bi Darubini alipima palepale kwenye kigae cheupe, ili sote tuone. Matone mawili ya damu ya wifi, dawa mbili tofauti, akachanganya kwa kijiti. Yakabaki laini. "O," akasema. Karibu yake akaweka ya mtoto, na tone moja likakatika vipande kama maziwa yaliyoharibika. "A, ya baba yake." Shemeji akavimba kifua kama amepewa cheti.

Daktari alipokuja alitoa kalamu zote mbili, ya sikioni na ya mdomoni. Hakutugombeza sana. Alisema mtoto anayevunjikiwa damu hasubiriwi kama wengine, akaongeza taa ya pili chini ya sanduku, akaagiza damu ya O badala ya A, akafuta safari. "Nikiijua sababu, najua pa kusimama," akasema. Wanapima kila saa sita. Leo asubuhi kumi na saba bado. Haijapanda, haijashuka.

Mama mkwe alikuwepo muda wote. Alijifunga upya kitambaa cha kichwa, akatutazama mimi na wifi, akasema, "Kwa hiyo mlikuwa mnacheza." Basi. Tangu hapo hajasema na mimi neno. Nikimpa chai anaipokea, anainywa, anarudisha kikombe, kama nimekuwa meza.

Niombee kwa mtoto. Mimi nitavumilia.

Mkeo, kama bado


Ijumaa, tarehe 10, asubuhi

Mke wangu, na bado, na siku zote,

Barua ya benchi na barua ya maabara zimenifikia pamoja, maana dereva aliharibikiwa na gurudumu. Nilisoma ya kwanza nikakasirika kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Nakuambia ukweli kwa sababu wewe umeniambia ukweli. Kisha nikasoma ya pili, nikatoka nje nikakaa kwenye mfuko wa saruji peke yangu.

Na mimi nina la kukiri. Siku ile niliiona pamba kwenye kiwiko chako. Ulipovuta mkono wa blauzi kuifunika nilijua unaficha kitu. Nikadhani umekwenda kupima damu kwa siri kuona kama unafaa kuolewa nami, nikaona fahari, nikanyamaza. Ningeuliza swali moja tu siku ile, kadi ingesahihishwa miezi saba iliyopita. Kwa hiyo usibebe peke yako.

Mama usimwombe msamaha kwa maneno mengi. Ukiongea sana anahesabu maneno. Kaa naye tu. Akinyamaza, nyamaza naye.

Niambie namba. Hapa sote tunaisubiri, hata mpishi. Nimewachorea ngazi ukutani, kumi na saba juu.

Mumeo


Jumapili, tarehe 12, saa kumi jioni

Mume wangu, mume wangu, mume wangu,

Mwambie mpishi afute ngazi! Alhamisi jioni kumi na sita. Ijumaa kumi na tatu. Jana kumi na moja. Leo TISA! Mfuko wa damu ya O haukuguswa, umerudishwa uwasubiri wengine. Chembe za damu za Dhahabu zimepungua kidogo, kwa hiyo Bi Darubini atampima tena baada ya wiki mbili, lakini daktari amesema tunarudi naye nyumbani kesho. Na wifi amepewa kadi mpya, yenye O kubwa aliyoizungushia wino yeye mwenyewe.

Nilifanya ulivyosema. Siku mbili nilikaa karibu na mama mkwe kwenye lile benchi, yeye kimya, mimi kimya. Wewe unanijua, kimya kwangu ni kama njaa. Jana alinisogezea nusu ya mkate wake bila kunitazama. Nikaula bila kusema asante, nikaogopa kuharibu.

Leo saa tisa alasiri nesi akazima taa. Mpenzi, hujui chumba kile kinavyokuwa taa ya bluu ikizimika, kila kitu kinarudi na rangi yake. Akamtoa Dhahabu kitambaa machoni. Mtoto akakunja uso, akafumbua jicho moja, kisha la pili. Jeupe! Jeupe kama kikombe cha maziwa! Wifi alikuwa bado anavaa viatu. Nesi akamfunga shuka, akauliza, "Nimpe nani?"

Shemeji akanyoosha mikono. Mimi nikarudi nyuma mpaka ukutani, najua nafasi yangu.

Mama mkwe akasema, "Mpe huyo mwongo."

Sikuelewa. Nikageuka kutazama nyuma yangu, kuna ukuta tu.

"Wewe, bi harusi, ndiyo. Si una mkono unaopenda kwenda mahali pasipo pake? Ulete hapa, leo unatakiwa."

"Mama, mimi..."

"Sitaki hotuba. Mtoto anapoa."

Nikampokea. Ni mzito kuliko nilivyodhani, na ana joto, na alinitazama moja kwa moja kama ananidai maelezo. Nikafungua mdomo nimweleze, na hapo hapo, mume wangu, nikahisi joto linashuka kutoka kifuani, linapita tumboni, linafika magotini. Nepi ilikuwa imefungwa na shemeji, fundi mzima wa nguo!

Nikapiga kelele. Nesi akacheka, "Usihangaike kufuta, dada. Hayo ndiyo manjano yenyewe, yanatokea huko."

Basi mama mkwe akaanza kucheka. Alianza polepole, mabega kwanza, kisha akashika ukingo wa kitanda, akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamwanguka, wifi akacheka na kiatu kimoja mguuni, na Bi Darubini akachungulia kuuliza kumetokea nini. Mama mkwe akanionyesha kwa kidole, hana hata pumzi ya kusema. Kisha akaja, akaniegemea begani, pale pakavu palipobaki, akajifutia machozi kwenye gauni langu.

Nimelowa toka kifua mpaka magoti. Ni lile gauni la maua. Ni saa kumi sasa, nimekaa juani nje ya wodi nakuandikia, wamenipa kanzu ya hospitali nibadilishe na bado sijabadilisha.

Wako, uliyemwoa, harufu na yote